Karo ya Imani: Nani Anazilipia Saa za Dini Eastlands?

Kaloleni ninayoizungumzia ni ya Jogoo Road, Eastlands ya Nairobi, jirani na City Stadium na soko la Burma, wala si ile ya Kilifi. Ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa Nairobi, wafungwa wa vita Waitaliano wakitiwa katika kazi hiyo, ikapewa ukumbi na viwanja vya wazi ambavyo mitaa mingi ya baadaye haikubahatika kuvipata. Nyumba bado ni za kaunti. Kodi yake ni nafuu ukiilinganisha na ya Umoja au Buruburu, na nyuma ya nyumba nyingi yameota mabanda ya mabati wanamolala wapangaji wengine. Nimeanza na kodi kwa sababu ndiyo inayoamua kama kuna cha kubaki mfukoni. Familia ya hapa yenye fundi wa soko la Gikomba na mama muuza mboga huweza kubakiwa na kitu kidogo mwisho wa mwezi, na kitu hicho ndicho kinachozua mjadala: kiende akademi ya dini, yaani shule ya binafsi, au mtoto aende shule ya umma na dini itafutwe kwingine?

Wayahudi wa Marekani wamebishana juu ya swali hili kwa miongo mingi, maana karo ya shule zao za kutwa hufika makumi ya maelfu ya dola kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na nyumba ya wacha Mungu aghalabu haina mtoto mmoja. Shule ya serikali kule ni bure, ila hairuhusiwi kumwombesha mtoto. Mnamo 1962, katika kesi ya Engel dhidi ya Vitale, Mahakama ya Upeo ya nchi hiyo ilikataza hata sala fupi iliyotungwa na maofisa wa elimu wa New York. Mzazi Myahudi basi ana milango miwili: alipe, au mtoto asome shule isiyo na dini kisha afundishwe Kiebrania na Torati jioni na Jumapili.

Ukikaa Kaloleni ni rahisi kudhani hesabu ni ileile. Sivyo. Shule ya serikali ya Kenya ina dini, tena imejaa dini. Kinachomsumbua mzazi ni kwamba huenda isiwe dini yake.

Chanzo chake kinajulikana. Elimu ya Mwafrika ililelewa na misheni, na baada ya Uhuru serikali ikazichukua shule hizo: Tume ya Ominde ilitoa mwelekeo mwaka 1964, Sheria ya Elimu ya 1968 ikaukamilisha. Makanisa yalipokonywa uendeshaji lakini yakabakishiwa cheo cha mfadhili. Cheo hicho kimo hadi leo katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Mfadhili huwakilishwa katika bodi ya shule, hutoa ushauri juu ya malezi ya kiroho, na anaweza kuweka kasisi kwa gharama yake mwenyewe, mradi alinde imani ya wanafunzi wasio wa kanisa lake. Ndiyo maana Eastlands utakuta Aquinas kwenye Jogoo Road na St. Teresa's kule Eastleigh, shule za umma zenye roho ya Kikatoliki. Mwalimu analipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, vitabu vinatoka serikalini, misa inaongozwa na padri. Familia ya Kikatoliki ya Kaloleni inapata kwa kodi ya wananchi wote kitu ambacho Myahudi wa New Jersey anakopea benki.

Silalamikii Wakatoliki. Walijenga madarasa hayo wakati ambapo serikali ya kikoloni haikuwa na haja na mtoto wa Mwafrika zaidi ya kumfanya karani au boi. Lakini matokeo yake leo ni kwamba katika mtaa mmoja, wazazi wenye kipato sawa na wacha Mungu kwa kiwango sawa hulipa bei tofauti kwa kitu kilekile. Mkatoliki na Mwanglikana hulipa kidogo. Mwislamu na Msabato hulipa mara mbili. Mkorino, ambaye imani yake humtaka avae kilemba, naye hujikuta akijadiliana na mwalimu mkuu juu ya kilemba cha mwanawe kabla hata hajaulizwa kuhusu daftari.

Tuanze na fedha, ingawa nitadai kwamba si fedha zinazouma zaidi. Elimu ya msingi bila malipo ilirejea Januari 2003, na ya sekondari za kutwa ikafuata 2008. Viwango vinavyotajwa kila mwaka ni shilingi 1,420 kwa mtoto wa shule ya msingi, 15,042 kwa wa sekondari msingi na 22,244 kwa wa sekondari. Viwango vya karatasini, niseme. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge waziwazi kwamba Hazina haiwezi kuifikia hiyo 22,244, na kinachotoka ni kama 16,900. Pengo hilo hujazwa na mzazi kwa majina mbalimbali: pesa za mtihani, za karatasi, za mlinzi, za masomo ya ziada. "Bure" ya Nairobi ina risiti.

Hata hivyo shule ya umma ya Nairobi imepata kitu kimoja ambacho akademi nyingi haziwezi kukipiku. Tangu 2023 mpango wa Dishi na County, unaoendeshwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education, unawalisha watoto chakula cha mchana kwa shilingi 5. Mtoto ana kikuku mkononi, mzazi anatia pesa kwa simu, kikuku kinagusishwa kwenye mashine na sahani inatolewa. Muhula wa wiki 13 una siku 65 za masomo, kwa hiyo chakula cha muhula mzima hakifiki shilingi 350. Sahani yenyewe kwa kawaida ni wali na maharage au ndengu. Hakuna nyama, basi hakuna anayeuliza ng'ombe alichinjwa na nani. Sidhani waliopanga menyu hiyo walikuwa wakiwazia fiqhi, ila wameutatua mgogoro ambao shule za bweni zimekuwa nao tangu enzi za ukoloni. Mzazi wa watoto watatu anayepima akademi na shule ya umma akisahau kuandika chakula kwenye hesabu yake, amekosea hesabu.

Sasa saa. Kwa mujibu wa kanuni za elimu za 2015, masomo ya shule ya kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vilabu hadi saa kumi na dakika arobaini na tano. Chukua mtoto Mwislamu wa gredi ya saba anayetoka shule ya Jogoo Road. Akifika nyumbani ni saa kumi na moja. Jua la Nairobi linazama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na ndani ya muda huo mfupi inabidi aoge, anywe chai, avae kanzu na awe amekaa mbele ya ustadhi na juzuu yake. Akirudi baada ya Magharibi anaikuta kazi ya ziada ya shule, pengine ile ya mradi inayotaka katoni, gundi na picha zilizopigishwa chapa mjini. Tuseme madrasa ni jioni nne kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni, na asubuhi mbili za mwisho wa wiki, saa tatu kila moja. Hizo ni saa kumi na mbili. Mwenzake anayekaa naye dawati moja, anayesali kanisa la mfadhili, anahitaji Jumapili asubuhi tu, kwa kuwa yaliyosalia ameyapata ndani ya saa za shule.

Na kipindi cha IRE, yaani elimu ya dini ya Kiislamu, je? Kwenye ratiba kipo. Elimu ya dini ni lazima hadi gredi ya tisa na mtoto huchagua ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu. Lakini haki ya kuchagua bila mwalimu wa kufundisha ni haki ya kuketi nje kwenye ngazi wakati wenzako wanasoma CRE, ile ya Kikristo, au kuketi ndani na kuifanyia mtihani CRE yenyewe. Wapo vijana Waislamu wa Eastlands wanaojua safari za Paulo kwa mpangilio kuliko wanavyojua vita vya Badr, kwa sababu hiyo tu. Hakuna aliyewalazimisha kubadili dini. Ratiba iliwasukuma.

Msabato hali yake inafanana na ya Myahudi kuliko ya mwingine yeyote, maana ugomvi wake ni wa siku ileile. Waadventista waliingia Gendia, kusini mwa Nyanza, mwaka 1906, na watoto wa wahamiaji kutoka Nyanza na Gusii wamejaa Kaloleni, Makongeni na Jericho. Katika shule ya msingi ya kutwa hawana taabu. Taabu huanza sekondari, Jumamosi inapogeuzwa siku ya masomo ya ziada, ya mitihani ya majaribio au ya kufagia bweni. Kanisa lao lilikwenda mahakamani, likashindwa Mahakama Kuu, likakata rufaa. Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba shule inayomlazimisha mwanafunzi Msabato kusoma kati ya machweo ya Ijumaa na machweo ya Jumamosi inambagua, hata kama kanuni hiyo inawahusu wanafunzi wote kwa usawa. Kwangu huo ndio uamuzi muhimu kuliko yote kuhusu dini katika shule zetu, na inashangaza jinsi wazazi wachache wanavyoujua. Umegusa mzizi: kanuni inayoonekana haina upande imekatwa kwa kipimo cha wengi.

Waislamu hawakuwa na bahati hiyo. Kesi ya hijabu ilitoka Isiolo, katika shule ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana haki mwaka 2016, kisha Januari 2019 Mahakama ya Upeo ikaufuta uamuzi huo, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya utaratibu: ombi lenyewe halikuwasilishwa ipasavyo. Majaji waliiachia bodi ya shule jukumu la kushauriana na wazazi na kupanga jinsi ya kuwavumilia wanaohitaji vazi tofauti. Kwa maneno mengine, mambo yamerudishwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Na ajabu ni kwamba mwaka huohuo, Septemba, Mahakama Kuu ilimrudisha darasani msichana Mrasta aliyekuwa amefukuzwa shule ya umma ya Kibra kwa sababu ya rasta zake. Anayesema sheria ya Kenya juu ya dini shuleni iko wazi hajaisoma.

Kuna nafuu moja ambayo haikutoka kwa mahakama wala kwa serikali. Sisi tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua la Nairobi huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni. London mwezi wa Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, hivyo mtoto Myahudi anayesoma shule ya kawaida lazima aombe ruhusa ya kuondoka mapema kila Ijumaa ya kipupwe ili Sabato isimkute barabarani. Hapa Ijumaa haimgongi mtu. Msabato wa Kaloleni anatoka shule, anapitia Burma kuchukua kilo ya nyama ya wikendi, na bado anafika nyumbani mwanga upo. Sala ya Ijumaa nayo huangukia saa ya chakula cha mchana, na kwa mwalimu mkuu mwenye moyo wa kusikiliza hilo ni jambo la kuongeza dakika ishirini tu. Ugumu wetu ni Jumamosi, si Ijumaa, na Jumamosi ni ya kujitungia. Hakuna sheria ya nchi inayotaka masomo siku hiyo.

Wayahudi wenyewe wana historia hapa, ingawa haikupita Kaloleni. Mwaka 1903 Waingereza waliwapendekezea ardhi ya Uasin Gishu, Kongamano la Wazayuni likaikataa 1905, na familia chache zilizokuja kwa njia zao wenyewe zikajenga sinagogi la Nairobi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Israel Somen alifika hata kuwa meya wa jiji katikati ya miaka ya 1950. Watoto wao walisoma shule za serikali za Wazungu. Stefanie Zweig, mwandishi aliyeletwa Kenya mwaka 1938 akiwa mtoto mkimbizi wa Kijerumani, alisomea bweni la Kiingereza Nakuru, na dini ikabaki mzigo wa nyumbani. Ukoloni ulimhesabu Mzungu kwanza, na mlango wa shule ya serikali ukafunguka. Mtoto Mwislamu wa Pumwani wa miaka hiyohiyo hakuwa na bahati ya kupewa rangi hiyo.

Mfano unaofaa zaidi uko Uganda, kando ya Mbale. Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walinusurika marufuku ya Idi Amin na hatimaye wakawa na shule zao: Hadassah kwa msingi na Semei Kakungulu kwa sekondari. Watu wa kawaida hao, wakulima wa kahawa na ndizi, wasio na uwezo wa karo ya Kiamerika. Waliwezaje? Mambo mawili. Wafadhili Wayahudi wa ng'ambo walichanga, na shule zikafungua milango kwa Wakristo na Waislamu wa vijiji jirani. Jumamosi hakuna darasa. Mtoto Mwislamu anasoma katika shule ya Kiyahudi, na Myahudi hana haja ya kumwomba mtu ruhusa ya Sabato yake. Ni kinyume cha Eastlands: mchache ndiye mwenye kalenda. Udhaifu wake nao unaonekana bila miwani. Shule inayosimama kwa mchango wa Los Angeles hutetemeka Los Angeles ikipatwa na mafua.

Wazazi Wayahudi wa Toronto wanaufahamu ukosefu wa usawa kama wa Eastlands. Jimbo la Ontario hulipia shule za Kikatoliki kwa fedha za umma lakini si za Kiyahudi, kwa sababu ya mapatano ya 1867 ya kuunda Kanada. Mahakama ya Upeo ya Kanada ilikubali hali hiyo mwaka 1996, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema 1999 kwamba ni ubaguzi. Ontario haikubadilika. Uingereza ilifuata njia nyingine, serikali inalipia shule za Kikanisa, za Kiyahudi na za Kiislamu, mradi zifuate mtaala. Kenya tunalo jibu la tatu: tunaulipia ufadhili wa kihistoria na kujifanya hatulipii.

Basi mzazi Mwislamu wa Kaloleni afanye nini na kile kilichobaki mfukoni? Shule za integretedi zimeota kote Eastleigh na South C, zikichanganya mtaala wa taifa na wa dini, watoto wakipanda ngazi za madrasa, kutoka ibtidai na idadi hadi thanawi. Nzuri kati ya hizo ni nzuri kwelikweli, na karo yake inajitangaza. Nyingine ni ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, uwanja hakuna, mwalimu wa Hisabati hajasajiliwa na TSC, na ustadhi analipwa mwezi huu akikopwa ujao. Sare ni nadhifu. Mzazi anayeona kanzu na kofia getini huamini amenunua dini na elimu kwa pamoja, kumbe kanunua nusu ya kila kimoja. Na balaa kubwa zaidi ni kukatika. Kazi ya Gikomba ikiyumba, mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo, anahamishwa katikati ya muhula, anarudi baada ya mwaka. Hakuna kinachoharibu masomo, ya dunia na ya akhera, kama kuhamahama.

Maoni yangu ni haya. Kama pesa ni za kuchagua miaka michache tu, zitumike mwanzoni. Pwani walilijua hilo zamani: mwaka 1986 Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kwa jitihada za Bi Swafiya Said, ulianza mpango wa chekechea za madrasa zilizoweka Kurani, nyimbo za Kiswahili na michezo ya kuhesabu katika chumba kimoja, zikisimamiwa na jamii yenyewe. Ulienea Zanzibar na Uganda. Mtoto wa miaka minne hadi minane hushika herufi za Kiarabu na adabu ya sala kwa urahisi ambao hautarudi tena, na karo ya umri huo ndiyo ya chini kuliko zote. Kuanzia gredi ya nne, shule ya umma yenye mwalimu wa TSC na chakula cha shilingi 5, pamoja na madrasa ya jioni yenye ustadhi anayelipwa kwa wakati, inaishinda akademi ya bei rahisi. Wakfu na kamati za misikiti zinazochangisha kwa ajili ya minara zingefanya la maana zaidi zikimlipa mwalimu mmoja wa IRE wa kuzunguka shule tatu za Jogoo Road. Kwa Msabato pesa hazihitajiki kabisa katika miaka hiyo. Anahitaji nakala ya hukumu ya 2017 na mzazi mmoja mwenye ujasiri kwenye bodi.

Hesabu inabadilika tena gredi ya kumi. Kundi la kwanza la mtaala mpya lilifanya mtihani wake wa gredi ya tisa mwishoni mwa 2025 na kuingia sekondari ya juu Januari 2026, na huko elimu ya dini si lazima tena. Imekuwa somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi za jamii. Aliyeelekea STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), mkondo ambao serikali inautaka uchukue wanafunzi wengi kuliko yote, huenda akabaki na kipindi kimoja cha malezi ya kiroho kwa wiki, nacho huenda kikaongozwa na mfadhili. Wakati huohuo upangaji wa shule unaweza kumtoa mtoto Kaloleni na kumpeleka bweni la kanisa asilolijua, kaunti ya mbali, pasipo ustadhi wala jioni ya nyumbani. Fomu ya kuchagua shule inauliza mkondo, masomo na kama ni kutwa au bweni. Haiulizi Jumamosi pana nini, wala kama kuna chumba cha kuswalia, wala kama nyama ya jikoni imechinjwa kihalali. Hayo mzazi hupiga simu mwenyewe, kabla ya kujaza, na kuomba azungumze na naibu wa mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiye anayepanga ratiba ya wikendi.